Bunduki Nyepesi: Kilo Zinazopungua Huenda Wapi?

Kila nikimaliza somo la usalama wa silaha hapa Mombasa, huwapo kijana mmoja anayesubiri wenzake watoke ndipo aniulize lake. Swali halibadiliki sana: "Mwalimu, zile bunduki nyepesi zinazojipakia zenyewe, mtu hawezi kuagiza vipande akaziunga nyumbani?" Ameona video, Mmarekani amekaa kwenye meza ya gereji, kwa saa moja bunduki imekamilika. Simkemei. Kuuliza si ujinga, na anayeuliza ni afadhali mara nyingi kuliko anayenyamaza akaagiza. Namketisha, tunaanza na uzito, maana hapo ndipo tamaa yake ilipo.

Binadamu amelilia wepesi wa bunduki tangu zamani sana. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, bunduki kubwa za askari wa Ulaya zilikuwa nzito kiasi kwamba mpigaji alizilaza kwenye mti wenye panda ndipo alenge. Karne zikapita, chuma kikawa bora, baruti ikawa bora, na bunduki zikapungua kilo. Kisha likaja jambo jipya: bunduki inayojipakia yenyewe. Mexico ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapa askari wake bunduki ya namna hiyo, ile ya Mondragón, mwaka 1908. Marekani ikafuata na M1 Garand mwaka 1936, yenye kilo 4.3 hivi na risasi 8 ndani.

Hiyo ndiyo nusu-otomatiki. Ukivuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja tu. Katika bunduki nyingi za aina hii, sehemu ndogo ya gesi ya baruti iliyolipuka hunaswa kwenye mtutu na kurudisha nyuma mtambo wa ndani. Ganda tupu linarushwa nje, springi inasukuma mtambo mbele, risasi mpya inaingia. Inabaki ikisubiri kidole chako tena. Ya otomatiki kamili haisubiri: ukiendelea kushika, inaendelea kutema.

Mtambo huo una uzito wake. Basi wahunzi wa bunduki walitoa wapi wepesi? Hapa wengi hukosea, wakidhani ni suala la kuweka plastiki pa mbao, basi. Tuchukue risasi ya milimita 7.62 ya NATO, ya aina inayotumiwa na bunduki ya G3 ambayo Wakenya wengi wameiona begani mwa polisi. Kipande kinachoruka kina gramu 9 na nusu hivi, na hutoka kwa kasi inayozidi mita 800 kwa sekunde. Kinapokwenda mbele, bunduki husukumwa nyuma. Ndilo lile teke la begani. Sasa chukua bunduki ya kilo 4 uipunguze iwe kilo 2, risasi ikiwa ile ile. Kasi ya kurudi nyuma inakuwa maradufu, na nishati inayopokelewa na bega lako nayo inakuwa maradufu. Mwili unajua. Mpigaji huanza kufumba macho kabla hata hajavuta, mkono unaruka, risasi inakwenda pasipotakiwa. Nimewafundisha watu wazima, wenye vifua, wakashindwa na bunduki nyepesi kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana wepesi wa kweli ulitoka kwenye risasi kwanza. Wamarekani walipotengeneza M1 Carbine katika Vita vya Pili vya Dunia, wakaifikisha kilo 2.4 hivi, waliipa risasi dhaifu kuliko ya Garand. Miaka ya 1950, Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite walitumia alumini ya kiwango cha ndege kwa kiunzi, yaani mwili unaobeba mtambo, na plastiki ngumu kwa kitako, na AR-15 ikaja na risasi ndogo yenye kichwa cha gramu 3 na nusu hivi, iendayo kasi sana. Bunduki ikawa kama kilo 3. Wengi huisifu alumini na kuisahau risasi. Bila risasi ile ndogo, alumini ingempa askari maumivu tu.

Mtutu nao ukifanywa mwembamba hupunguza gramu nyingi, lakini chuma chembamba hushika moto upesi. Baada ya risasi kadhaa za haraka, matundu kwenye shabaha huanza kutawanyika.

Kijana akishafika hapo hurudi kwenye lake: "Sasa kuunga?" Namjibu kwa tairi la tuktuk. Risasi ndogo kama ile ya AR-15 inapolipuka, shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, hupita mara elfu moja ya upepo wa tairi hilo, na linatokea sentimita chache kutoka kwenye shavu la mpigaji. Alumini haibebi mzigo huo; bolti ya chuma, kile kipande kinachoziba chemba kwa nyuma, hujifunga kwenye chuma cha mtutu, na nafasi kati yao hupimwa kwa vipimo vyembamba kuliko unywele. Yule wa kwenye video hakutengeneza chochote kati ya hivyo. Ameunganisha vipande vilivyotoka viwandani vikiwa vimepimwa tayari. Fundi hodari wa jua kali anaweza kukuchongea geti la kupendeza, lakini chemba iliyochongwa kwa kukisia hupasuka, na inapopasuka hufuata uso na vidole.

Na hata vipande vyenyewe si spea. Marekani, sheria yao ya mwaka 1968 huhesabu kiunzi kuwa ndicho bunduki, na vingine vingi vikauzwa kwa urahisi mkubwa. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imeijumuisha sehemu ya bunduki ndani ya maana ya bunduki. Mtutu peke yake ni bunduki. Kutengeneza silaha bila kusajiliwa kwa kazi hiyo ni kosa la jinai, na anayetaka kumiliki ya halali sharti apate cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla hajainunua. Mizigo ya Kilindini hupitia skena. Kuandika "spea za pikipiki" kwenye karatasi hakubadilishi umbo la chuma.

Kuhusu bunduki za nusu-otomatiki zenyewe, lipo jambo ambalo watu wachache hulijua. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Kenya ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Humo nchi zilikubaliana kuingiza katika sheria zao marufuku kamili ya raia kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Nimeshika silaha hizi kwa miaka, naijua kazi yake, na sioni ya nyumbani. Uwindaji wa burudani nchini ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hata ile hoja ya kuwinda haipo.

Baadhi ya vijana hawa, ukiwasikiliza vizuri, hawataki silaha. Wanataka ule ustadi wa kutuliza pumzi na kupiga kidogo kilicho mbali. Hao nawaambia juu ya bunduki ya upepo ya mashindano ya Olimpiki: risasi ya milimita 4.5, umbali wa mita 10, na nukta ya alama 10 ina upana wa nusu milimita. Wafuate klabu halali, na waulize kwa Bodi kabla ya kutoa hata shilingi. Kijana wa mwisho aliyenijia aliniuliza kama hiyo nayo ni nyepesi. Nikamwambia kanuni inaruhusu hadi kilo 5 na nusu, na wapigaji wengi hukaribia hapo kwa makusudi, maana uzito ndio unaomtulizia mtu mkono.