Je, wajua kwa nini baridi humlemea mzee, na mazoezi humsaidiaje?

Mwezi Juni na Julai, mawingu yanapoufunika Mlima Meru hata mchana, wakazi wa Arusha, jiji lililo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hupata baridi ambayo kijana huikabili kwa sweta moja, ilhali babu yake huvaa koti zito, akajifunika na blanketi, na bado mikono yake haipati joto. Babu hadeki. Mwili wake umepungukiwa na uwezo wa kuzalisha joto na kulihifadhi.

Sehemu ya uwezo huo hutokana na mafuta ya kahawia. Mafuta meupe, yale yanayojaa tumboni, huhifadhi nishati; ya kahawia huiunguza. Rangi yake hutokana na wingi wa mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye madini ya chuma, ambamo protini iitwayo UCP1 huifanya nishati ya chakula itoke moja kwa moja kama joto, bila msuli kutikisika. Mtoto mchanga, ambaye bado hawezi kutetemeka vizuri, huyategemea sana. Ni mwaka 2009 tu ndipo tafiti zilipothibitisha kwamba watu wazima nao wanayo mafuta hayo yakiwa hai, hasa shingoni na juu ya mtulinga. Hata hivyo, umri unavyosonga hupungua, na hata yanayobaki huitikia baridi kwa unyonge.

Je, mazoezi huyafufua? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliitangaza irisini, homoni ya misuli ambayo kwa panya iliyafanya mafuta meupe yaanze kutenda kama ya kahawia. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na wapo wanaoihubiri hadi leo kana kwamba imethibitishwa kwa binadamu. Haijathibitishwa: matokeo kwa watu yanapingana, na wapo wanariadha wa mbio ndefu ambao mafuta yao ya kahawia yalionekana kufanya kazi kidogo kuliko ya watu wasiofanya mazoezi.

Kwa maoni yangu, faida kubwa kwa mzee iko kwenye misuli yenyewe. Msuli unapofanya kazi, zaidi ya robo tatu ya nishati unayotumia hugeuka joto, na kutetemeka kwenyewe ni kazi ya misuli. Misuli hiyo huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, lakini mazoezi ya nguvu huijenga hata kwa mtu wa miaka 80. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huwashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kutembea kwa kasi kunatosha kwa yale ya kwanza. Kwa misuli, mzee anaweza kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa bila kushika kitu, au kunyanyua madumu madogo ya maji. Koti lisiachwe, kwa kuwa baadhi ya wazee hawaihisi baridi mpaka joto la mwili limeshashuka kiasi cha hatari.