Kuchaguliwa si kucheza: Schortsanitis na NBA

Nimewasikia mashabiki wengi wakisema Sofoklis Schortsanitis, yule senta (mchezaji wa chini ya kikapu) wa Ugiriki mwenye mwili kama mlima, alicheza NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na akashindwa. Si kweli. Hakuwahi kucheza hata dakika moja ya ligi hiyo.

Kilichowachanganya watu ni drafti ya 2003, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Los Angeles Clippers walimchagua wa 34, raundi ya pili, akiwa na miaka 18 tu. Lakini drafti huipa klabu haki tu ya kuwa ndiyo pekee ndani ya NBA inayoweza kuzungumza na mchezaji huyo. Si mkataba. Na mchezaji wa raundi ya pili hana hata mshahara uliohakikishwa kama wa raundi ya kwanza, kwa hiyo vijana wengi wa Ulaya hubaki kwao, wanakolipwa na kucheza.

Naye alibaki. Mzaliwa wa Tiko, Kameruni, kwa mama Mkameruni na baba Mgiriki, alianzia Iraklis ya Thessaloniki, akapita Cantù ya Italia, kisha mwaka 2005 akatua Olympiacos, klabu ya Ugiriki.

Anayemwita aliyeshindwa atazame nusu fainali ya Kombe la Dunia 2006 pale Saitama, Japani. Ugiriki 101, Marekani 95. Kijana huyu wa miaka 21 alifunga pointi 14, akiwasukuma chini ya kikapu mastaa wa NBA yenyewe. Mimi mechi ile sitaisahau.

Haki zake Clippers walizishikilia hadi 2012, wakazipeleka Atlanta Hawks.