Omani, ile saini ya mwaka 2000 mtaimalizia lini?

Kuna jedwali moja la Umoja wa Mataifa huwa nawafungulia wanafunzi wangu wa sheria kila nikifika somo la mikataba. Halina mapambo, ni jina la nchi, tarehe ya kutia saini, tarehe ya kuridhia, basi. Shuka nalo mpaka Oman: saini, 20 Desemba 2000. Kuridhia? Peupe. Robo karne imepita na pako peupe vile vile.

Mkataba wenyewe ni ule wa Roma wa 1998 ulioizaa ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyopo The Hague, inayoshughulikia mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uvamizi wa nchi kwa nchi. Najua atatokea mtu hapa aseme we Muunguja, Oman yakuhusu nini, shughulika na ya kwenu. Yanihusu. Nusu ya ukoo wangu uko Muscat, na wanaonisoma kutoka Ruwi na Al Khuwair sidhani kama wanapungua wa Michenzani, kwa hiyo hii nawaandikia nyie hasa, na ya kwetu ntayagusa huko chini msiwe na wasiwasi.

Kwanza tuelewane hapa mana watu wanapachanganya sana. Saini ni posa, kuridhia ndo ndoa. Nchi iliyotia saini tu inatakiwa isifanye la kuuvuruga mkataba, lakini haina kura kwenye mkutano wa wanachama, haileti jaji, haiwezi kupeleka kesi. Na posa huvunjwa: Marekani na Israel walitia saini siku moja, 31 Desemba 2000, ilipofika 2002 wote wawili wakaandika barua kwamba hawana nia tena ya kuendelea. Urusi ikafanya hivyo hivyo 2016. Oman haijaandika barua hiyo hata siku moja. Kwangu mie hilo si dogo, serikali ambayo haijasema hapana bado unaweza kukaa nayo ukaongea.

Sasa waangalieni Wangazija. Comoros waliridhia Agosti 2006, nchi ndogo, kila siku tunawacheka, lakini sikilizeni walichokifanya. Tarehe 31 Mei 2010 makomando wa Israel waliivamia meli ya Mavi Marmara iliyokuwa inapeleka misaada Gaza, bahari kuu kabisa, wakaua watu tisa pale pale na wa kumi akafa miaka ya baadae kwa majeraha. Waliokufa walikuwa Waturuki, waliopanga safari ni Waturuki, lakini Uturuki si mwanachama wa ICC na Israel si mwanachama. Ingekuwa meli ile ina bendera ya Uturuki basi hadithi inaishia hapo. Ila siku chache tu kabla ilikuwa imesajiliwa Comoros! Na kifungu cha 12 cha mkataba kinasema uhalifu ukitendeka ndani ya meli au ndege, unahesabika kama vile umetendeka kwenye ardhi ya nchi ilikosajiliwa. Serikali yao kule Moroni ikaipeleka kesi The Hague Mei 2013.

Ukweli lazima usemwe, kesi ile haikufika popote. Mwendesha Mashtaka wakati ule Fatou Bensouda alisema kuna sababu ya kuamini uhalifu wa kivita ulitendeka lakini hauna uzito wa kutosha kwa mahakama ile, majaji wakamrudishia aangalie upya, akakataa, wakavutana hivyo miaka na mwisho 2020 ikafungwa. Mie sikukubaliana nae na bado sikubaliani. Lakini tazameni tu: Wangazija waliifanya ofisi ile ijieleze kwa maandishi, mara tatu, mbele ya majaji. Nani mwengine katika ukanda wetu kaweza hilo?

Halafu 17 Novemba 2023, nchi tano zikapeleka rasmi suala la Palestina kwa Mwendesha Mashtaka: Afrika Kusini, Bangladesh, Bolivia, Comoros na Djibouti. Oman ilikuwa inapiga kelele kuhusu Gaza kuliko wengi na mie naiheshimu kwa hilo, ila kwenye karatasi ile jina lake halikuweza kuwemo hata ingetaka, mana kifungu cha 14 kinasema anaepeleka ni mwanachama. Mwaka mmoja baadae, 21 Novemba 2024, hati ya kumkamata Netanyahu ilipotoka, simu yangu haikupumzika kwa voisi za furaha kutoka Muscat. Sawa, furahini, lakini nchi yenu ilibaki nje inachungulia.

Ami yangu, mzee wa Al Khuwair, hakubaliani na mie kabisa. Alinirushia voisi, anakohoa kwanza, halafu: "Mwanangu, hayo ni mambo ya kumtafutia Sultani balaa." Ami, kwa heshima zote, nakujibu hapa hapa ili na wengine wasikie. Ni kweli kifungu cha 27 kinasema cheo hakimkingi mtu, awe rais au mfalme, na Sheria ya Msingi ya Oman inasema Sultani haguswi. Lakini hata katiba ya Jordan inasema mfalme hana dhima yoyote, na Jordan waliridhia 11 Aprili 2002, ile siku nchi kumi zilipoweka hati zao kwa pamoja idadi ikavuka 60 iliyokuwa inahitajika. Uingereza, Uhispania, Uholanzi, Japani, wote wana wafalme na wote wamo. Aliekimbia kwa hofu hii ni Malaysia, waliingia 4 Machi 2019, masultani na wapinzani wakaja juu, tarehe 29 Aprili wakajitoa kabla mkataba haujaanza hata kufanya kazi kwao. Hawakupata faida yoyote, walipata fedheha tu.

Na ICC haiji kuchukua kesi za nchi yenye mahakama zinazofanya kazi. Inaingia pale nchi haitaki au haiwezi kushtaki. Wala hairudi nyuma, kwa anaejiunga sasa inahesabu tokea siku mkataba unapoanza kwake, kwa hiyo wanaoogopa kufukuliwa vita vya Dhofar, vile vya kusini mwa Oman miaka ya 60 na 70, walale tu. Hili sie Wazanzibari tunalijua kwa uchungu: Tanzania iliridhia Agosti 2002, mahakama yenyewe inaanzia 1 Julai 2002, na mauaji ya Pemba ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji na watu wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua, yako nje. Nimeulizwa hilo Wete, nimeulizwa Micheweni, na jibu ni hilo hilo, halipendezi lakini ndo sheria.

Kuna msomaji mjanja atanambia mbona kifungu 12(3) kinaruhusu nchi isiyo mwanachama kutoa tamko la kuikubali mahakama kwa jambo fulani tu, Ukraine walifanya hivyo 2014. Kweli. Lakini kwa njia hiyo hupeleki kesi mwenyewe, huchagui majaji, unasubiri Mwendesha Mashtaka aone inafaa na majaji wamruhusu. Ukraine wenyewe walichoka na njia hiyo, wakaridhia, na tokea 1 Januari 2025 ni mwanachama kamili. Kwa nchi iliyopakana na mlango wa bahari wa Hormuz, pale ambapo meli ya mtu inaweza kujikuta katikati ya ugomvi usiokuwa wake, mie nsingebahatisha na matamko.

Haya, ya kwetu nliahidi. Mwaka 2020, mwaka alioingia Sultan Haitham, Oman ilijiunga kwa mpigo na mikataba mitatu ya haki za binadamu, mmoja wapo ni ule dhidi ya mateso. Tanzania huo mpaka leo haijauridhia, na mambo ya nje ni ya Muungano kwa hiyo sie Zanzibar hatuwezi hata kuupeleka wenyewe. Kwa hiyo siandiki hapa kama mtu ambae kwake kumenyooka.

Ila ndo mana nasema Oman wanaweza, mana walipotaka wamefanya mitatu ndani ya mwaka mmoja. Nyie wenye uraia mnao wawakilishi Majlis Shura, baraza lenu la kuchaguliwa, muulizeni mmoja swali la adabu tu, saini ile ipo wapi. Kazi iliyobaki ni amri ya Sultani na hati kupelekwa New York kwa Katibu Mkuu, na mkataba unaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata baada ya siku 60. Palestina walipeleka yao 2 Januari 2015, tarehe 1 Aprili wakawa wanachama.