Hifadhi ya kidijitali ya urithi wa utamaduni ni nini?

Hifadhi ya kidijitali ya urithi wa utamaduni ni mkusanyiko wa picha, sauti, video na nyaraka zilizogeuzwa kuwa mafaili ya kompyuta, zikaelezwa, zikapangwa na kutunzwa kwa namna ambayo hata wajukuu wetu wataweza kuzipata, kuzifungua na kuziamini. Kuskani peke yake hakutoshi, kwani diski iliyojaa picha zisizo na maelezo ni stoo tu.

Tuchukue michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na ambayo inazidi kufifia kwa jua, maji na mikono ya watu. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono mwaka 1951. Picha inayopigwa leo inaweza kulinganishwa na nakala hizo ikiwa tu imeambatanishwa na metadata, yaani taarifa zinazoieleza: jina la pango, tarehe, mpigapicha, vipimo, mwenye haki ya kuitumia, na kadi ya rangi iliyowekwa kando ya mchoro ili wekundu wake usomeke sawasawa kwenye kompyuta yoyote. Kiwango cha Dublin Core, kilichoanza mwaka 1995, kina vipengele 15 vya msingi vya taarifa za aina hii, na taasisi ndogo inaweza kuanza navyo.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kanda ya muziki wa Wagogo huandikwa "ngoma ya asili, Dodoma" na kuachwa hivyo, bila kusema kama ni ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake, zeze la nyuzi au ilimba ya vibao vya chuma, bila jina la mwimbaji wala la kijiji chake. Wazee wanaoitambua sauti ile wakishaondoka, hakuna programu itakayoweza kulirudisha jina hilo.

Miundombinu ya hifadhi kama hii ni seva, yaani kompyuta kuu za kutunzia mafaili, umeme wa uhakika, intaneti, watu waliofunzwa na bajeti ya kila mwaka, maana fedha za mradi huisha na mafaili hubaki yakihitaji matunzo. Faili kuu hutunzwa katika miundo isiyopunguza ubora, kama TIFF kwa picha na WAV kwa sauti, na watumiaji hupewa nakala nyepesi. Inashauriwa kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali: zikiwa Dodoma mbili, ya tatu iwe hata Mwanza. Kila faili hukokotolewa namba ya uhakiki kutokana na yaliyomo, na namba hiyo ikibadilika mtunzaji hujua kwamba faili limeharibika, akachukua nakala iliyo nzima.

Kuhifadhi, hata hivyo, si lazima kuwe kumfungulia kila mtu. Katika pango la Mungomi wa Kolo, mojawapo ya yale yenye michoro ya Kondoa, wenyeji bado hufanya matambiko, kwa hiyo mfumo unapaswa kuwa na ngazi za ruhusa tangu unaposanifiwa, na wenyeji hao washirikishwe kuamua ni picha zipi zionekane mtandaoni na zipi zitazamwe kwa idhini yao.