Kibaki Hakuanzia Othaya

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea rasimu ya wasifu wa Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, niipitie. Sentensi ya pili ilisema alikuwa mbunge wa Othaya tangu uhuru hadi 2013. Nikaweka kalamu chini. Sentensi hiyo nimeisahihisha kwa miaka mingi, kwenye tasnifu, kwenye hotuba na kwenye makala za magazeti. Aprili 2022 mzee alipofariki niliisikia redioni asubuhi, mchana na jioni. Kijana akaniuliza, "Lakini mwalimu, si Othaya ndiko kwao?" Ni kwao, ndiyo. Kosa lote limezaliwa hapo hapo.

Kazi yangu ni kuandaa rekodi za wabunge: nani alichaguliwa wapi, lini, kwa chama gani na kwa utaratibu gani. Basi leo nimeamua kuiandika habari hii mara moja, nikiulizwa tena nimwelekeze mtu hapa.

Kibaki alichaguliwa kuingia bunge katika chaguzi kuu zote kumi kuanzia 1963 hadi 2007. Mbili za kwanza alichaguliwa Nairobi. Nane zilizofuata alichaguliwa Othaya. Mtu aliyezaliwa Gatuyaini, Othaya, huko Nyeri, mwaka 1931, akasoma Makerere na London, akaacha ualimu wa chuo kikuu 1960 kuja kuwa afisa mtendaji wa chama cha KANU, hakukimbilia kijijini kutafuta kiti. Mei 1963 alisimama Doonholm, upande wa mashariki wa Nairobi, akashinda.

Vijana wanashangaa: mtu wa Nyeri anatafuta nini Doonholm? Wanasoma siasa ya 1963 kwa miwani ya leo, ambapo mwanasiasa lazima kwanza aitwe "mtoto wetu" kabla ya kupewa fomu. Tom Mboya, ambaye watu wake walikuwa wa kisiwa cha Rusinga huko Ziwa Victoria, alikuwa mbunge wa Nairobi pia. Mji ulikuwa wa wafanyakazi, vyama vyao na mitaa yao, na chama cha KANU kilitaka vijana wake wasomi wasimame pale. Kibaki alikuwa na miaka 31. Tangu mwanzo huo aliwekwa upande wa Hazina, 1966 akawa waziri wa biashara na viwanda, na 1969 akapewa wizara ya fedha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kupanda kwake serikalini aliifanya akiwa mbunge wa watu wa mjini. Ukifuta Doonholm kwenye wasifu, umefuta miaka kumi na moja, tena ile iliyomtengeneza.

Na hata anayejua habari ya Nairobi huangukia kwenye shimo la pili. Doonholm baadaye iliitwa Bahati. Sasa fungua orodha ya maeneo bunge ya leo, utafute Bahati: utaikuta kaunti ya Nakuru. Nimeona kwa macho yangu maandishi yaliyomfanya Kibaki mbunge wa Nakuru! Mwandishi aliona jina, akafungua ramani ya leo, akanakili. Hakujiuliza kama jina lilihama. Ndugu zangu, jina la eneo bunge si eneo lenyewe. Mipaka hukatwa upya, majina hupewa wengine, na eneo moja hugawanywa likawa matatu. Mwaka 1963 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na maeneo bunge 117. Seneti ilipounganishwa nalo 1966 yakawa 158. Kufikia 1997 yalikuwa 210, na leo ni 290. Anayechukua jina la 1969 na kulibandika kwenye ramani ya baada ya 2010 anafanya kazi ya kubahatisha. Rekodi inapaswa kuandikwa kwa jina la siku ile, na mji utajwe kando yake: Bahati, Nairobi. Inachukua neno moja tu.

Uchaguzi wa 1969 ndio ninaoupenda na ndio unaonisumbua kuliko yote. Mwaka ule ulikuwa mzito. Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai. Oktoba ghasia zikazuka Kisumu wakati wa ziara ya Rais, Mzee Kenyatta, watu wakapigwa risasi, na siku chache baadaye chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku. Kikabaki chama kimoja. Kwa hiyo mchujo wa KANU wa tarehe 6 Desemba ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Aliyeshinda mchujo alihesabiwa kuwa mbunge, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpinga.

Huko Bahati, waziri Kibaki alikabiliwa na mwanamke, Jael Mbogo. Akaponea chupuchupu. Mama Mbogo alimbana mpaka hesabu ya mwisho, na mwenyewe aliendelea kudai kwa miaka mingi kwamba ushindi ulikuwa wake. Katika uchaguzi huo huo Grace Onyango alishinda Kisumu mjini, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia bunge la Kenya. Kama kura chache za Bahati zingeangukia upande wa pili, wangeingia wawili kwa mpigo, na pengine Kenya isingekuwa na Rais Kibaki. Halafu mtu anakuja kuniambia mzee alikuwa Othaya wakati huo, amestarehe, hana mpinzani! Mbio ngumu kuliko zote za ubunge alizokimbia zinafutwa, na pamoja nazo linafutwa jina la mama aliyemkimbiza. Hilo ndilo linaloniuma hasa. Kila anayeandika "Othaya tangu uhuru" anamwondoa Jael Mbogo katika historia bila kujua.

Mwaka 1974 Kibaki alihama. Uchaguzi ulifanyika Oktoba na yeye akasimama Othaya, akashinda, na hakurudi tena kutafuta kura za ubunge Nairobi. Kila mtu husema alikimbia kwa sababu ya Mbogo, nami pia nimesema hivyo darasani mara nyingi. Lakini niwe mkweli: jedwali linaonyesha mfuatano, halionyeshi moyo wa mtu. Hofu ya 1969 ni sababu yenye nguvu. Vilevile katika miaka ile siasa yote ya nchi ilikuwa inarudi vijijini, kwa sababu kiongozi asiye na ngome nyumbani alikuwa hana pa kusimama siku akigombana na wakubwa. Waziri wa fedha angeweza kuhama kwa sababu hii ya pili hata kama angeshinda Bahati kwa kishindo. Kadiri ninavyozeeka katika kazi hii ndivyo ninavyoiamini zaidi sababu ya pili, ingawa ya kwanza husimulika vizuri zaidi. Kitabu cha shule kitakupa moja tu na kukwambia ndiyo hiyo.

Chaguzi za 1979 na 1983 sitakaa nazo. Alishinda Othaya, akiwa makamu wa rais tangu Oktoba 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kuingia Ikulu. Kati ya chaguzi hizo mbili, Juni 1982, bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria kwa kifungu cha 2A cha katiba. Kibaki alikuwa ndani ya serikali iliyofanya hivyo, na wasifu wowote wa heshima lazima uliseme.

Mwaka 1988 unanitia shaka ya kitaalamu. Huo ndio uchaguzi wa mlolongo: katika mchujo wa KANU wapiga kura walipanga mstari hadharani nyuma ya picha ya mgombea au wakala wake, wakahesabiwa kama mifugo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Watu walishuhudia mistari mirefu ikitangazwa kuwa mifupi. Sasa mimi nikiandika "alichaguliwa 1988" katika safu ile ile niliyoandika "alichaguliwa 1963", je, ni neno moja? Nimejaribu kuweka alama ya nyota, nimejaribu tanbihi, nimejaribu safu ya pekee ya utaratibu wa kupiga kura. Kila mara mhariri huiondoa kwa sababu jedwali linakuwa pana. Ninaamini safu hiyo ndiyo ya maana kuliko zote. Inatuambia kwamba bunge la sita liliingia kwa mlango tofauti na la kwanza, hata kama sura zilikuwa zile zile. Kibaki alirudi bungeni mwaka huo, lakini Machi aliondolewa umakamu, nafasi ikaenda kwa Josephat Karanja, na Kibaki akapelekwa wizara ya afya. Alikaa serikalini. Ni yeye huyu aliyelinganisha kuiangusha KANU na kukata mti mkubwa wa mugumo kwa wembe. Tarehe 25 Desemba 1991, siku ya Krismasi, wiki chache baada ya kifungu cha 2A kufutwa, alijiuzulu uwaziri na kuanzisha chama cha Democratic.

Hapa ndipo linapoibuka swali la pili ninaloulizwa bila kukoma, hasa na walioanza kupiga kura 2013. Kama Kibaki alishindwa urais 1992, na akashindwa tena 1997, alifanyaje kuwa mbunge? Alipitia uchaguzi mdogo? Aliteuliwa? Hapana! Hakuna uchaguzi mdogo wala uteuzi. Katiba ya zamani ilimtaka mgombea urais awe pia mgombea ubunge, na asiyeshinda kiti cha eneo bunge hakuweza kuwa rais hata angepata kura za nchi nzima. Mpiga kura alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mpiga kura wa Othaya siku ile alilikuta jina la Kibaki mara mbili, kwenye karatasi mbili, na kila karatasi ilikwenda kwenye sanduku lake.

Ndiyo maana 1992 Kibaki alitoka wa tatu katika urais, nyuma ya Moi na Kenneth Matiba, akiwa na takriban asilimia 19, na bado akaapishwa kuwa mbunge. Matiba vilevile aliingia kwa kiti cha Kiharu, na Jaramogi kwa cha Bondo. Mwaka 1997 Kibaki alipata takriban asilimia 31 dhidi ya 40 za Moi, akarudi bungeni, na kwa kuwa chama chake ndicho kilichokuwa na viti vingi upande wa upinzani, akawa kiongozi rasmi wa upinzani. Upinzani wa wakati ule ulikuwa na wakubwa wake ndani ya ukumbi, wakibishana na mawaziri uso kwa uso. Katiba ya 2010 ilikata kamba hiyo kati ya urais na ubunge. Martha Karua alikuwa mbunge wa Gichugu tangu 1992. Aliposimama urais 2013 akashindwa, alibaki nje ya bunge. Raila Odinga alishindwa urais 1997 na 2007 akabaki mbunge wa Langata, lakini aliposhindwa 2013 hakuwa na kiti. Ukimsoma Kibaki wa 1997 kwa sheria ya 2013 utaona miujiza mahali ambapo palikuwa na kanuni tu.

Kesi ya Kibaki ya kupinga uchaguzi wa 1997 nitaipitia kwa haraka, ingawa inastahili siku yake. Haikufa kwa sababu ya ushahidi. Ilitupwa 1999 kwa kuwa mahakama ilisema Rais Moi hakukabidhiwa hati za kesi mkononi mwake mwenyewe. Sasa fikiria unavyoweza kumfikia rais aliyezungukwa na walinzi, ukamkabidhi karatasi ana kwa ana. Kura zenyewe hazikujadiliwa kamwe.

Desemba 2002, Kibaki akiwa majeruhi wa ajali ya gari, alishinda urais kwa asilimia 62 kupitia muungano wa NARC, na akashinda Othaya. Watu husahau hili la mwisho: kwa miaka kumi Kenya ilikuwa na rais ambaye pia alikuwa mbunge wa Othaya. Sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge ilipopita 2003, Othaya nayo ilipata fungu lake kama maeneo mengine, na mbunge wake alikuwa Ikulu. Mwaka 2007 jedwali langu lina mistari miwili. Mstari wa ubunge, Othaya, hauna utata. Mstari wa urais ninauandika kama ulivyotangazwa, 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila, na papo hapo ninaongeza kwamba tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilikuta rekodi zimeharibika kiasi cha kutoweza kujua nani alishinda. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata. Takwimu hizo za kura sizitoi bila maelezo hayo, hata mhariri akilalamika.

Kijana alinisikiliza, akafuta, kisha akaandika: Doonholm, baadaye Bahati, Nairobi, 1963 hadi 1974, Othaya, 1974 hadi 2013. Nikamwambia aongeze na mwezi wa mwisho. Bunge la kumi lilimaliza muda wake tarehe 14 Januari 2013, na Kibaki alikabidhi madaraka tarehe 9 Aprili. Kwa karibu miezi mitatu alikuwa rais bila kuwa mbunge, na watu wa Othaya walikwenda kupiga kura tarehe 4 Machi, jina lake halimo kwenye karatasi yoyote.