Je, wajua? Tuzo ya Hans Christian Andersen haipewi kitabu

Kwa miaka mingi, kila nilipokuta maneno "Mshindi wa Tuzo ya Hans Christian Andersen" kwenye jalada la kitabu cha watoto, niliamini kitabu nilichoshika ndicho kilichoshinda. Niliwahi hata kumsifia rafiki kitabu kimoja kwa hoja hiyo hiyo, tena kwa kujiamini kabisa. Sivyo. Maneno yale yanamsifu aliyekiandika, hayasemi lolote kuhusu kitabu chenyewe. Huenda kilicho mkononi mwako ndicho dhaifu kuliko vyote alivyowahi kuandika, na bado mchapishaji hajakudanganya.

Kosa hili lina kisingizio kizuri: zamani lilikuwa kweli. Tuzo hutolewa kila baada ya miaka miwili na IBBY, bodi ya kimataifa ya vitabu vya watoto na vijana, iliyoanzishwa Zurich mwaka 1953 kwa juhudi za Jella Lepman. Mara tatu za mwanzo ilitolewa kwa kitabu mahususi: mwaka 1956 kwa Eleanor Farjeon wa Uingereza, 1958 kwa Astrid Lindgren wa Sweden, na 1960 kwa Erich Kästner wa Ujerumani. Kuanzia 1962, zamu ya Meindert DeJong wa Marekani, kinachopimwa ni kazi zote za mwandishi. Wachoraji waliongezwa mwaka 1966. Kwa hiyo sikukosea tuzo. Nilichelewa tu kuzaliwa.

Lakini kazi zote za mtu hupimwaje? Chukua fundi seremala. Kuhukumu kiti kimoja ni rahisi: unakikalia, unakitikisa, unakagua viungo. Kumhukumu fundi mwenyewe kunakutaka uzunguke nyumba za wateja wake. Kile kiti cha miaka ishirini iliyopita bado kimesimama? Ametengeneza kiti kile kile mara arobaini, au njiani alijifunza kutengeneza meza, kabati, hata kitanda cha mtoto? Kiti kimoja kibovu hakimwangushi, na kimoja kizuri mno hakimwokoi.

Sasa, majaji hawajui nyumba za wateja ziko wapi. Anayewatembeza ni jirani wa fundi, yaani tawi la IBBY la nchi husika. Tawi ndilo humpendekeza mwandishi na kuandaa faili lake: maisha yake, orodha ya vitabu, tafsiri zilizopo, yaliyoandikwa kumhusu, pamoja na nakala za vitabu vichache vilivyochaguliwa. Hapo ndipo ninapoanza kujikuna kichwa. Jirani anampenda fundi wake, na atakupitisha kwenye nyumba zenye viti vizuri. Nchi isiyo na tawi haina wa kukutembeza kabisa.

Kisha kuna lugha. Majaji hutoka nchi mbalimbali, na hakuna jopo linalosoma lugha zote za dunia. Jaji asiyejua lugha ya kitabu hutegemea tafsiri au muhtasari, na huko ni sawa na kukagua kiti kwa picha. Umbo unaliona vizuri. Kama kinalia ukikikalia, picha haisemi. Sidai kwamba washindi hawakustahili. Nasema tu kwamba mizani yenyewe ina mahali inapotetereka.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha: ingawa ni tuzo ya kazi ya maisha, anayependekezwa lazima awe hai. Hesabu hufungwa kabla daftari halijaisha, na mshindi ana uhuru kamili wa kuandika kitabu kibaya kesho yake. Tena, ingawa wengi huiita "Nobel ndogo", haihusiani na Nobel, na mshindi huondoka na medali na cheti, bila fedha.

Fedha ziko kwingine. Lindgren, yule aliyepata Andersen kwa kitabu kimoja, sasa ana tuzo yenye jina lake. Serikali ya Sweden iliianzisha mwaka 2002, mwaka aliofariki, na thamani yake ni krona milioni 5. Nayo pia huangalia kazi nzima, wala si lazima mshindi awe mwandishi: mwaka 2015 ilikwenda kwa PRAESA, shirika la Afrika Kusini linalowahimiza watoto kusoma kwa lugha zao. Hapo hata ukitafuta jalada la kubandika maneno, hulipati.