Mkopo wa HELB si sadaka ya serikali

Kuanzia Njoro hadi Maseno, wazazi wengi bado huwaambia watoto wao kwamba fedha za HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, ni zawadi ya serikali, na kwamba asiyepata kazi hadaiwi. Dhana hiyo ni kongwe: ilizuka na mpango wa mikopo wa miaka ya 1970, ambao haukuwa na utaratibu madhubuti wa kukusanya madeni, hivyo wakopaji wengi wakaamini kwamba wamepewa bure. Bodi yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995, na kazi yake ni kukopesha na pia kudai.

Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo hutarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya masomo kukamilika. Anayechelewa huweza kutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, adhabu ambayo kwa maoni yangu ni kali mno kwa kijana asiye na ajira. Ndiyo maana ni muhimu awasiliane na bodi mapema, kabla deni halijavimba. Mkanganyiko umezidi tangu mwaka 2023, kwa kuwa mfumo mpya wa ufadhili ulimpa mwanafunzi yuleyule fungu lisilorudishwa pamoja na mkopo unaorudishwa.